Bangi ya Kabatini na Bangi ya Barazani

Kampuni ya utafiti wa maoni ikitangaza kwamba imewahoji Wakenya 1,500 kuhusu bangi, chukua kalamu upige hesabu ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu, kati ya watu 47,564,296 nchi nzima. Sampuli ikigawanywa kwa uwiano huo, Lamu yote, tangu Kiunga hadi Witu, inasemewa na watu wanne na nusu. Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ilikuwa na watu 1,453,787, nayo inapata watu 46 hivi. Kwa watu 46, kosa la makadirio ni kama pointi 14 juu au chini: "ndiyo" ya asilimia 40 yaweza kuwa 26, yaweza kuwa 54. Kwa hiyo mtu akikwambia "Pwani inapinga bangi ya dawa", au "Pwani sasa imefunguka macho", huku akinukuu utafiti wa kitaifa, muulize kwanza ni Wapwani wangapi waliopigiwa simu.

Hesabu ni tatizo dogo. Kubwa ni swali lenyewe. Uliza barazani Mkunguni, mjini Lamu, "Je, bangi ihalalishwe?", na waliokaa watamwona akilini kijana wa maskani mwenye macho mekundu. Uliza, "Je, daktari aruhusiwe kumwandikia mgonjwa wa saratani dawa iliyotokana na bangi?", nao wataona mgonjwa kitandani. Mmea ni ule ule, jibu si lile lile. Marekani, ambako swali hili limeulizwa kwa miaka zaidi ya hamsini, kituo cha utafiti cha Pew kilitoa jedwali mapema 2024: asilimia 57 walitaka bangi iwe halali kwa dawa na kwa starehe, 32 kwa dawa tu, 11 isiwe halali kabisa. Jedwali hilo moja linatoa vichwa viwili vya habari. Mwandishi wa kwanza ataandika kuwa karibu watu tisa kati ya kumi wanaiunga mkono bangi ya dawa. Wa pili ataandika kuwa zaidi ya wanne kati ya kumi wanaikataa bangi ya starehe. Hakuna aliyedanganya.

Ongeza na hili: mtu usiyemjua anakupigia simu, anataja jina la kaunti yako, kisha anakuuliza unaonaje kuhusu kitu ambacho ukishikwa nacho unapelekwa mahakamani. Wengi hujibu jibu la usalama.

Neno "bangi" limefungasha maswali matatu kwenye kifurushi kimoja. La kwanza ni la dawa: kemikali fulani ya mmea huu, kwa kipimo fulani, isaidie ugonjwa fulani. La pili ni la jinai: anayekutwa na msokoto afungwe au asifungwe. La tatu ni la biashara: nani alime, nani auze, ushuru uende wapi. Mwanasiasa anayetaka kura huyachanganya yote matatu kwa makusudi, anayetaka kutisha naye hufanya vilevile.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ndefu juu ya la kwanza. Jina bangi lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na kamusi zinalo neno majuni, mchanganyiko mtamu wa bangi, afyuni na sukari, lililotoka katika Kiarabu ambako lilikuwa jina la dawa iliyokandwa kwa asali. Mpaka wa dawa na kileo haujawahi kuwa mnyoofu kwetu.

Kilichomo ndani ya chupa

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia moja za jamii iitwayo kanabinoidi. Mbili ndizo zenye kesi. THC ndiyo inayolevya, na ndiyo pia inayopunguza kichefuchefu na kurudisha hamu ya chakula. CBD hailevyi, na kazi yake iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kupunguza aina fulani za kifafa.

Dawa zilizopita mikononi mwa wadhibiti wakubwa ni chache. Vidonge vya dronabinol, ambavyo ni THC iliyotengenezwa maabara, viliidhinishwa Marekani 1985 kwa wagonjwa wanaotapika kwa ajili ya dawa za saratani. Sativex, ya kupuliza kinywani, iliidhinishwa Uingereza 2010 kwa kukakamaa kwa misuli kunakotokana na ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis. Kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, na mgonjwa hazidishi mipulizo 12 kwa siku. Epidiolex, CBD ya maji yenye miligramu 100 kwa kila mililita, iliidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Kisukari hakimo katika orodha hii. Presha haimo. Kuponya saratani yenyewe hakumo, licha ya video zote zinazozunguka kwenye simu.

Tuiangalie dozi kwa karibu, maana hapa ndipo bangi ya kabatini, yaani ya dawa, inapoachana na bangi ya barazani. Chukua mtoto wa kilo 20 mwenye kifafa cha Dravet. Anaanzishwa miligramu 2.5 za CBD kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Wiki ya pili anapandishwa hadi miligramu 5 kwa kilo, asubuhi na jioni. Yaani miligramu 100 kila mara, sawa na mililita moja ya dawa, inayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa siku nzima ni miligramu 200.

Sasa mzazi aliyesikia kwamba "bangi inatibu degedege" anajaribu kupata kiasi hicho hicho kutoka kwenye bangi ya mtaani. Bangi ya kuvuta huchaguliwa na kuoteshwa kwa ajili ya THC, si CBD. Chukulia, kwa ukarimu, kwamba ina CBD asilimia 1 na THC asilimia 8. Ili apate miligramu 200 za CBD atahitaji gramu 20 za bangi, na ndani ya gramu hizo 20 zimo miligramu 1,600 za THC. Mtu mzima huanzishwa THC kwa miligramu 2.5. Amemtengenezea mtoto dozi 640 za mtu mzima kwenye kikombe kimoja, na hata akimpa kijiko kidogo tu, dawa aliyokuwa akiitafuta haitakuwa imefika kiwango cha kufanya kazi.

Chupa za CBD zinazouzwa kama vipodozi au virutubisho nazo si jawabu. Watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuchapisha matokeo 2017: ni 26 tu ambazo kiasi kilichoandikwa nje kilikaribiana na kilichokuwa ndani, na 18 zilikutwa na THC.

Dawa halisi nayo ina kasoro zake. Mgonjwa anayetumia sodiamu valproeti, dawa nyingine ya kifafa, pamoja na CBD, vimeng'enya vyake vya ini huweza kupanda, ndiyo maana kipimo cha damu hufanywa kabla ya kuanza, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Anayetumia klobazamu, nayo dawa ya kifafa, husinzia kupita kiasi hadi dozi moja ipunguzwe. Kituo kisicho na maabara ya kupima ini hakifai kuianzisha dawa hii, hata kama sheria imeiruhusu.

Kaunti ya Kilifi inajulikana kwa utafiti wa kifafa. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakiufanya huko kwa miaka mingi. Wagonjwa wengi tiba yao ni fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na tatizo lao kubwa ni kwamba hawaipati kila siku: imekwisha zahanati, nauli haipo, au nyumbani wameamini kwamba ni nyuni, pepo anayesadikiwa kuleta degedege, na wamempeleka mtoto kwa mganga. Tuseme wazi. Kwa watoto wengi wa Malindi na Magarini, mazungumzo ya CBD yanaruka ngazi. Dawa hiyo ni ya wachache ambao zile za kawaida mbili au tatu zimeshindwa kwao. Wachache hao wapo, na haki yao ni haki, lakini asije mtu akauza mswada kwa jina la kila mwenye kifafa.

Sheria ilivyo leo

Watu wengi, pande zote mbili, hudhani kwamba sheria ya Kenya imefunga mlango wa dawa. Haikuufunga wote. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, katika kifungu cha 3 kinachofanya kupatikana na bangi kuwa kosa, inawatoa nje mwenye leseni ya serikali, daktari na mfamasia aliye nayo kwa kazi ya tiba, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Kinachokosekana ni ngazi za kuufikia mlango huo. Dawa lazima isajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Muagizaji lazima awe na kibali cha kila shehena, na nchi inayotuma nayo itoe chake, kwa mujibu wa Mkataba wa Kimataifa wa 1961. Kila nchi hupeleka Vienna, kwa bodi ya kimataifa inayosimamia dawa za kulevya, makadirio ya mwaka ya kiasi itakachohitaji. Kisha apatikane daktari aliye tayari kutia sahihi yake. Ngazi moja ikivunjika, kifungu cha 3 kinabaki kuwa wino.

Kwa upande wa jinai, aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe alikuwa akikabiliwa na kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya 2022 yalishusha hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini angalia tundu la sindano: ni mshtakiwa anayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake. Akikutwa na misokoto kadhaa iliyofungwa mmoja mmoja, upande wa mashtaka utasema hiyo ni ya kuuza, na adhabu ya ulanguzi ni ya mamilioni ya shilingi na miaka mingi gerezani. Anayelima anaangaliwa na kifungu kingine: shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea, ipi kubwa, au kifungo kinachoweza kufika miaka 20, au vyote.

Marekebisho yale ya 2022 yanafaa kukumbukwa na kila anayefuatilia siasa za jambo hili. Adhabu ya mvutaji ilipunguzwa kwa nusu bila maandamano, bila mkutano wa hadhara, ndani ya sheria ambayo mahali pengine ilikuwa ikiongeza makali. Mbunge hakulazimika kusimama jukwaani na kutamka neno bangi.

Methadoni, mofini na muguka

Ukitaka kujua watu wa Malindi watalipokeaje jambo hili, acha utafiti wa simu, tazama walivyolipokea jingine. Mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya Malindi, miongoni mwa za kwanza nchini. Methadoni ni dawa ya kulevya kwa maana kamili ya sheria, jamii moja na heroini. Mgonjwa aliyekuwa teja wa unga huanzishwa miligramu 20 hadi 30, hupandishwa polepole, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Anakuja kila siku, Jumapili na sikukuu hazina likizo. Anapewa dawa ya maji kikombeni, anaimeza mbele ya mhudumu, anakunywa maji, anasema neno moja au mawili ili ionekane kwamba hakuibakiza mdomoni akaiuze nje. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi dozi aliyoiachia, maana mwili umeshasahau na kiasi kile kile kinaweza kumuua. Anaanza chini tena.

Wazo la kumpa teja "unga wa serikali" lilikuwa na kila sababu ya kukataliwa katika mji uliozika vijana wengi. Lakini mama akiona mwanawe amerudi kulala nyumbani na redio bado ipo mezani, hoja ya jina la dawa inapungua nguvu. Kilichokubalika ni kikombe, mhudumu na daftari, wala si kemikali. Hilo ndilo fundo la makala hii: maoni ya Pwani juu ya bangi ya dawa hayahusu sana mmea, yanahusu nani anaishika.

Mofini inafundisha upande wa pili. Inatokana na afyuni, ni halali, ni nafuu, na ndiyo dawa kuu ya maumivu ya saratani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanzishwa miligramu 5 hivi za maji kila baada ya saa nne. Hakuna shehe wala padri aliyeipigia kelele. Hata hivyo mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate, huweza kufa kwa maumivu, kwa sababu wa kuiandika hayupo, au daktari anaogopa daftari la dawa za kulevya kuliko anavyoogopa maumivu ya mgonjwa. Kuhalalisha na kufikisha ni kazi mbili tofauti.

Na muguka? Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, kuingia na kuuzwa katika kaunti zao, na Pwani wengi wakashangilia. Wakulima wa Embu wakalia. Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu akatamka kwamba amri za magavana hazina nguvu, kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama nayo ikasimamisha utekelezaji. Kwa mtu wa Malindi, somo lilikuwa chungu: zao likishapata mkulima, mbunge na ushuru, haliondoki tena, hata kama linapolimwa si kwako na linapotafunwa ni kwako. Anayepinga bangi ya dawa leo kwa hofu hiyo asiitwe mjinga. Anasoma alama za nyakati.

Kikatiba jambo lina utata wa aina yake. Jedwali la Nne linaipa kaunti huduma za afya, kilimo, na pia udhibiti wa dawa za kulevya. Sera ya afya, polisi na mikataba ya kimataifa ni ya taifa. Mswada wowote wa bangi ya dawa utagusa pande zote mbili, kwa hiyo karibu lazima upite Bunge la Taifa na Seneti. Usipotamka wazi ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya leseni ndani ya kaunti, tutarudi kwenye muguka.

Shehe atauliza nini

Lamu jambo hili halitapita bila kufika msikitini. Wengi hutarajia jibu la neno moja, haramu, wakaishia hapo. Fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, haiko hivyo. Kanuni kwamba kila kileweshacho ni haramu inakaa sako kwa bako na kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, nayo ina masharti yake: pasiwe na mbadala wa halali, na kitumike kwa kiasi cha haja tu. Wanachuoni wa Shafi, madhehebu ya Pwani yetu, wamejadili karne nyingi suala la kumpa mgonjwa kitu cha kumwondolea fahamu akatwe kiungo kilichooza, na wapo waliokiruhusu. Kwa mizani hiyo, CBD isiyolevya ni mjadala mwepesi kuliko THC.

Linalosahauliwa ni kilichochanganywa ndani. Epidiolex ina mafuta ya ufuta, lakini pia ina spiriti kiasi. Sativex karibu nusu ya ujazo wake ni spiriti. Vidonge vya dronabinol vina ganda la jelatini, ambayo huweza kutoka kwa mnyama yeyote. Basi huenda ustadhi mwenye kuulizwa akaipisha bangi na kukwama kwenye spiriti. Anayetaka kupima maoni ya Lamu kwa haki aende na karatasi ya viambato, si na neno "bangi" peke yake.

Kanisa nalo lina uzito wake huku Malindi, na mfano wa Utah unafaa. Wapigakura wa jimbo hilo la Marekani walipitisha bangi ya dawa 2018 kwa asilimia 53. Kanisa la Mormoni, lenye nguvu kubwa huko, lilikuwa limepinga. Badala ya vita, walikaa mezani kabla hata ya siku ya kura, na bunge likaibadilisha sheria wiki chache baadaye kuwa yenye masharti makali zaidi. Dawa ilipita, moshi haukupita.

Kura zinasemaje

Septemba 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipeleka pendekezo la mswada ambao ungeondoa jinai, ungesajili wakulima na watumiaji, na kuruhusu utafiti. Julai 2019 alifariki kwa saratani akiwa na miaka 41, na pendekezo likalala. Mei 2021 Chama cha Marasta kilikwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kuitumia katika ibada. Kisha ukaja 2022 na Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots, aliyesema bangi italipa madeni ya nchi. Mikutano yake ilijaa vijana, video zake zilitazamwa usiku na mchana. Siku ya Agosti 9 alipata kura 61,969, asilimia 0.44.

Wapinzani huitaja namba hiyo kama hukumu ya Wakenya dhidi ya bangi. Si sahihi. Uchaguzi wa urais Kenya ni wa kutafuta nusu ya kura na moja zaidi; mtu mwenye kuipenda bangi na kumpenda Ruto au Raila hakumpa Wajackoyah kura yake "ikaliwe na fisi". Isitoshe alikuwa ameichanganya bangi na ufugaji wa nyoka na uuzaji wa mapumbu ya fisi, mpaka mgonjwa wa saratani akapotea katikati ya kicheko. Namba ile inaonyesha jambo moja: bangi peke yake haimbebi mgombea. Haionyeshi kama inamwangusha.

Na hapo ndipo hesabu ya mbunge wa Malindi au wa Lamu Magharibi inapokaa. Watakaofaidika na dawa ni wachache, wametawanyika, wengi wagonjwa wasiofika mkutanoni. Watakaochukizwa wana mimbari kila Ijumaa na kila Jumapili. Mbunge mwenye akili timamu hatasimama mbele. Ndiyo maana nchi nyingi mabadiliko yalipita mlango wa nyuma: kwa kanuni ya waziri, kama Rwanda Juni 2021, iliyoruhusu kulima na kusindika kwa ajili ya kuuza nje na kuacha uvutaji ukiwa jinai nyumbani, au kwa mahakama, kama Afrika Kusini Septemba 2018. Lesotho ilitangulia Afrika kutoa leseni 2017, Zimbabwe ikafuata 2018. Kenya katika kikao cha Umoja wa Mataifa cha Desemba 2, 2020, kilichoiondoa bangi kwenye kundi la dawa hatari zisizo na faida ya tiba kwa kura 27 dhidi ya 25, ilikuwa upande wa waliokataa. Kwa Afrika, Moroko na Afrika Kusini tu ndizo zilizokubali.

Aliyethubutu kuifanya ilani akafaulu ni Anutin Charnvirakul wa Tailandi. Chama chake kiliahidi bangi kwa wakulima katika uchaguzi wa 2019, kikapata viti 51, naye akawa waziri wa afya. Juni 2022 bangi ikatolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla bunge halijapitisha sheria ya kuisimamia. Maduka yakachipuka kila kona ya miji ya watalii. Juni 2025 serikali ikageuza: bila cheti cha tabibu, hakuna kununua. Mji wa hoteli kama Malindi uisome hadithi hiyo mara mbili. Kosa halikuwa kuruhusu dawa, lilikuwa kufungua mlango siku moja na kwenda kutafuta bawabu miaka mitatu baadaye.

Hela za shambani

Ahadi ya utajiri wa mkulima inahitaji maneno machache tu, kwa sababu haisimami mbele ya hali ya hewa. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Lamu 2. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, na aina nyingi za bangi za kigeni huchanua zinapoona mchana wa saa 12; miche yake ikipandwa huku hutoa maua ingali mifupi. Ili ikue kwanza, huwashiwa taa hadi ifike saa 18 za mwanga kwa siku, kwa bili ya stima ya Kenya. Maua yakivunwa hukaushwa siku 10 hadi 14 katika chumba cha nyuzi 18 hadi 20 chenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Hewa ya bahari hapa haiko hivyo hata usiku wa kusi. Kuvu ikiingia, shehena nzima inakataliwa na mnunuzi wa Ulaya. Mkulima wa Mpeketoni mwenye ekari mbili hana hizo taa wala hicho chumba. Mwenye navyo atakuwa na hati kutoka Nairobi.

Mswada utakapoletwa

Ibara ya 118 ya katiba inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi. Kwa kawaida tangazo hutoka gazetini likitoa wiki mbili hivi za kuandika. Barua isemayo "sisi wakazi tunapinga" au "tunaunga mkono" huhesabiwa na kuwekwa kando. Inayofanya kazi hutaja kifungu, neno lililomo, neno lipendekezwalo badala yake, na sababu. Kwa mtu wa Lamu, mahali pa kuanzia pako wazi. Miswada ya aina hii hupenda kusema dawa zitolewe "katika hospitali ya rufaa". Hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu iko Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima kupitia Witu, Garsen na Malindi, na mgonjwa anayetapika. Andika "hospitali ya kaunti", kisha uongeze masharti ya kabati: kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na daftari ambalo kila mililita inayotoka inatiwa sahihi mbili, tarehe, na kiasi kilichobaki.